Kapeti la Kijani kwenye Mteremko wa Shangazi

11 Januari

Mwanangu Kiroboto,

Hujambo wewe na mkeo, na huyo mtoto mliyesema ameota meno akaanza kumng'ata baba yake? Mwambie aendelee. Sisi huku wazima. Bibi yako goti limetulia, mdomo ndio haujatulia. Anasema ile shuka uliyomletea inachuja rangi, sasa yeye mwenyewe ni zambarau mgongo mzima.

Usinipigie simu ukishasoma hii. Nimekuandikia makusudi. Kwenye simu unanichekesha, nikikata naona sijajibiwa hata neno moja. Andika. Karatasi haicheki.

Sasa sikiliza. Tumefukuzwa kiwanjani. Kile kile cha chini ya barabara, nilichopigia filimbi tangu wewe unavaa kaptula imetoboka nyuma. Tumekwenda mazoezini na wasichana wangu (nawaita wasichana, wengine wana wajukuu) tunakuta mabati yamezunguka kote na mlinzi mpya getini. Namwambia, "Baba, tupishe, tuna mazoezi." Ananijibu bila kuinuka kitini: "Mama, hapa pamechukuliwa na klabu ya vijana. Panatandikwa nyasi za kisasa. Nyinyi tafuteni pa kuchezea mdako."

Mdako! Mimi! Na filimbi shingoni!

Lakini maneno yake ningeyameza. Kisichomezeka ni kwamba mwisho wa Aprili kamati ya ligi inakuja kukagua viwanja, na timu isiyo na uwanja wake inafutwa. Netiboli ya wanawake ndiyo imekwisha hapo. Hawa wenzangu, ile saa ya jioni ndiyo saa yao pekee isiyo ya mume wala ya bosi. Ngazi, mfungaji wetu, yule mrefu muuza mkaa, alikaa chini pale getini akavua raba zake akanikabidhi, kama askari anarudisha sare. Nimezikataa. Nimemwambia avae.

Wewe si ndiye mtandika nyasi bandia? Nyuma ya nyumba yangu nafasi ipo, unapajua, ila ni mteremko. Mbuzi akisimama pale anaegemea. Panaweza kuwa uwanja au nisijichoshe?

Shangazi yako,
Filimbi


25 Januari

Shangazi yangu, jenerali wangu, shikamoo.

Na Bibi shikamoo za kutosha, mwambie zambarau inawapendeza watu weupe wa roho. Mke wangu mzima. Mtoto naye sasa haning'ati tena, amehamia kwenye miguu ya meza, kila chakula tunakula kinatetemeka.

Mdako? Kakwambia mdako? Shangazi, nimesoma hapo nikasimama. Hana adabu huyo mlinzi, hana adabu aliyempa kiti, na hao wa klabu ndio kabisa! Watu wazima wanamfukuza mama wa watu kiwanjani kama kuku! Ningekuwepo ningemtoa kwenye kile kiti nikikalie mimi.

Haya tuyaache hayo, tuzungumze kazi. Panawezekana. Mteremko si ugonjwa. Unakata juu, unajaza chini, kama mtu anavyovuta blanketi lifike miguuni. Ila kwanza kule chini kabisa mjenge ukuta wa mawe wa kuushika udongo, na ukuta uwe na matundu ya kutolea maji. Matundu, Shangazi! Ukuta bila matundu ni kama mgeni rasmi aliyebanwa na mkojo kwenye mkutano. Atavumilia, atavumilia, halafu atawaaibisha wote.

Mkijaza, jazeni kidogo, mwagieni maji, shindilieni, ndipo mjaze tena. Juu yake kokoto, juu ya kokoto vumbi la kokoto. Pasawazishwe, ila palale kidogo upande mmoja mvua ipate njia. Kidogo sana. Mpira usijue, maji yajue.

Kapeti niachie mimi. Tuna kazi kubwa sasa hivi, inabakiza vipande vizuri kabisa, bosi kaniambia nivitupe. Nitavitupa kwako.

Kuja mwenyewe siwezi, kazi imenikaba, leo huku kesho kule. Andika ukikwama.

Mwanao,
Kiroboto


21 Februari

Mwanangu Kiroboto,

Hatujambo kwa juujuu. Bibi yako amehamishia kiti dirishani tangu tuanze kuchimba. Siku ya kwanza aliuliza, "Mnamzika nani?" Siku ya pili akaanza kusimamia. Sasa anawaamrisha watu wazima washike jembe vizuri, yeye ambaye jembe ameliona mara ya mwisho likiwa na bei ya zamani.

Wanawake wanakuja wakitoka kazini. Ngazi anabeba karai mbili kwa mpigo, moja kichwani moja kiunoni. Ukuta tumeupanga, matundu tumeyaacha, Bibi anayaita madirisha ya panya.

Aibu yenyewe ni hii. Ulisema tujaze kidogo kidogo. Sasa wewe unatujua, tukishika kazi ya pamoja, mtu akianza wimbo, karai zinakwenda zenyewe. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutua. Tulijaza upande wote wa chini kwa jioni moja, tukapiga vigelegele, tukacheza juu yake tukasema ndiyo kushindilia huko. Ikaja mvua. Asubuhi nafungua mlango, uwanja umekaa chini. Umebonyea katikati kama godoro la gesti, na ukuta umetoa tumbo.

Sikulia. Nilivaa gauni la kazi kichwa chini miguu juu ndipo nikajua nimechanganyikiwa.

Kule kiwanjani kwetu malori yanashusha kokoto kutwa. Wanakwenda mbio hao, utafikiri wanakimbizwa na polisi. Kila nikipita kwenda kantini kupika, napita nimegeuza shingo upande wa pili. Shingo inaniuma.

Na hiyo kazi yenu kubwa, iko wapi hasa? Bibi aliniuliza, nikaona mimi sijui.

Shangazi yako,
Filimbi


7 Machi

Shangazi yangu, shikamoo tena ya kuinama.

Sisi wazima. Mke wangu kaanza kushona mapazia ya watu, nyumba nzima imejaa vitambaa, juzi nimekaa juu ya sindano, sitasema wapi.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikazunguka nyumba, nikarudi nikaisoma tena. Shangazi! Udongo unashindiliwa kwa ngoma? Mmenichezea kwaya juu ya udongo mbichi! Nilisema maji na kushindilia, sikusema vigelegele! Wimbo ni wa kubebea, si wa kukazia!

Haya. Usivunje kila kitu. Lile tumbo la ukuta libomoeni na kulipanga upya, mawe makubwa chini, yaegemee kidogo kuelekea mlimani kama mtu anayesukuma gari. Udongo uliobonyea utoeni wote mrudishe kwa tabaka. Kwa miguu hamtaweza. Nendeni kwa mafundi wa pale kiwanjani mkaazime mashine ya kushindilia. Mafundi ni watu wazuri, tatizo lao ni mabosi. Hawatakunyima.

Kapeti limeondoka leo na lori la vifurushi. Likifika mtaona vipande vina mistari myeupe isiyoeleweka, huku nusu duara, huku kona ya mtu. Msishangae. Mistari hiyo mtaifunika kwa rangi ya kijani. Kitu kimoja tu nakuomba kwa magoti: manyoya yote yalale upande mmoja. Pitisha kiganja, utasikia upande yanapolala. Vipande vikigeuziana migongo, uwanja unaonekana una mabaka kama chui aliyeumwa.

Gundi msipake kukiwa na umande.

Bibi mwambie kazi ni za hapa na pale tu, hazina maana ya kutajwa.

Mwanao,
Kiroboto


2 Aprili

Kiroboto,

Salamu leo sikupi. Za Bibi zipo, kwa sababu yeye bado sijamwambia.

Nilikwenda kuazima mashine kama ulivyoniagiza. Njiani nimepanga maneno yote ya kumwambia yule mlinzi. Nikafika, akaniona, akainuka kitini akafungua geti. Akasema karibu. Nikajua kuna kitu.

Akaja fundi mmoja mwenye kofia ya njano, anakimbia huku anafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu mama. Wewe ndiye Shangazi Filimbi?"

"Umenijuaje?"

"Fundi mkuu katuagiza. Akija mama mwenye filimbi shingoni, chochote atakachotaka mpeni, msimuulize."

"Fundi mkuu yupi?"

Akacheka. "Mama nawe! Si mwanao, Kiroboto! Ndiye aliyekuja kupima kiwanja hiki chote, yeye na uzi wake, kabla ya Krismasi. Sisi tulikuja baadaye kuweka mabati. Anakusifu huyo mpaka tunachoka. Tulidhani alikuwa anakula kwako, kumbe, tumeambiwa, alikuwa analala gesti ya pale kona."

Nilitabasamu. Sijui tabasamu nililitoa wapi. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu huyo, ana huruma sana." Nikaishika mashine nikaisukuma mwenyewe barabarani mpaka nyumbani. Walitaka kunisaidia nikawatoa mbio.

Gesti ya kona, Kiroboto! Pale ambapo Bibi akipiga chafya kwake mtu anajibu afya! Umekuja mtaani kwangu, umetembea kwenye kile kiwanja hatua kwa hatua na uzi mkononi, unajua nani anacheza pale, unajua jioni tunakuja saa ngapi, na ukamaliza ukalala gesti ukaondoka. Halafu mimi nakuandikia kwa uchungu wangu wote, na wewe unanijibu eti hawana adabu! Nani hana adabu? Uliwatukana nani kwenye ile barua, na mkono ulioishika kalamu ni wa nani?

Wanawake nimewaambia. Ningeweza kunyamaza, lakini sikutaka tufanane mimi na wewe. Mmoja alicheka kwa hasira, wengine wakaanza kutafuta kanga zao waende. Ngazi akasema, "Kumbe tumeletewa makombo ya sherehe iliyotufukuza." Kapeti lako limekaa pale ukutani limefungwa vile vile na kamba zake. Hakuna anayeligusa. Mashine tumeitumia, uwanja umekaa sawa, vumbi la kokoto limelala vizuri, maji yanajua na mpira haujui. Lakini ni vumbi tupu, ukianguka goti linabaki, na kamati inakuja mwezi huu.

Sitaki utani kwenye majibu. Hata mmoja.

Filimbi


10 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Umekataza utani nami nimekubali, lakini na mimi nina hasira yangu, niache niseme.

Mimi ni mtandika nyasi! Sijafunga geti mimi! Klabu imechukua kiwanja, klabu imeleta karatasi, bosi kapewa kazi, bosi kaniambia nenda kapime. Ningekataa angemtuma mwingine, nyasi zingetandikwa vile vile, na wewe usingepata hata kipande cha kufutia miguu. Ningefanyaje? Nilale njiani mbele ya lori? Kila mtu anakula kwa kazi yake. Wewe unapika kantini, wakileta maharage yenye wadudu unapika au hupiki? Unapika. Unachambua kwanza, lakini unapika.

Haya makombo mnayoyatukana nimeyachagua mimi kwa mikono yangu. Bosi alisema nitupe vile vilivyochanika. Mimi nimekata kutoka kwenye marobota mazima, vipande vya katikati, ambako manyoya hayajaguswa. Akijua nafukuzwa. Na wale mafundi niliowaambia wakupe mashine, ni nani kaniomba niwaambie? Hakuna!

Hilo la gesti sitalijibu leo.

Nakuomba kimoja. Nikasirikie mimi, usiikasirikie timu. Kamati haitauliza kapeti limetoka wapi, itauliza lipo au halipo. Mkianza kutandika anzeni asubuhi jua likishakausha umande. Mkanda wa kuunganishia uwe chini ya maungio, upande laini ukitazama juu. Msitembee juu ya gundi mpaka ishike. Mchanga muumwage mwisho, mwembamba, muupige na mafagio magumu mpaka uzame.

Mtoto ana homa kidogo ya meno. Mke wangu amesoma barua yako yote, na hajaniongelesha tangu juzi.

Kiroboto


29 Aprili

Kiroboto,

Mtoto akipata homa tena mpeni maji mengi na msimfunike kama mzigo. Bibi mzima.

Naanza na maharage. Yakiwa na wadudu nayachambua, ni kweli. Lakini anayekula namwambia. Hapo ndipo tofauti yangu na yako, usinifananishe tena.

Kapeti tumelitandika. Si kwa barua yako. Tulikaa wote nyuma ya nyumba, wengine hawataki hata kulitazama, maneno yanapanda. Bibi akatoka na fimbo yake, keshajua kila kitu kwa dirisha, akakaa juu ya robota moja akasema, "Kama hamlitaki nalihamishia chumbani kwangu, miguu inapata baridi." Watu wakacheka bila kutaka. Ndipo Ngazi akasimama. "Tulitandike," anasema. "Kapeti halikutufukuza. Aliyetufukuza ana jina."

Tukatandika. Manyoya tulikosea, vipande vikalala huku na huku kama wanandoa waliogombana, tukagundua kabla ya gundi, tukageuza vyote tukaanza upya. Safari hii hakuna aliyeimba. Ile mistari yenu ya kandanda tuliifunika kwa rangi, ila nusu duara moja inakataa, kila ikikauka inatokeza. Tumeiacha.

Kamati ilikuja Jumanne. Mwenyekiti ni mama mmoja mnene mwenye miwani, hacheki hata na mtoto. Kavua viatu, katembea kote. Kaomba ndoo ya maji, kaimwaga katikati, kasimama anatazama maji yanaelekea wapi. Mimi mapigo ya moyo nayasikia kwenye meno. Maji yakaenda taratibu mpaka ukingoni, yakatokea kwenye matundu ya ukuta. Akasema, "Umepita." Wanawake walipiga kelele mpaka jirani akaja na panga akidhani kuna mwizi.

Timu ipo. Jumamosi ya pili ya Juni tunaanza kucheza hapa hapa.

Mwenyekiti akaniuliza huku anaandika: "Fundi wenu ni nani?" Wote wakanitazama mimi. Nikamwambia, "Hatuna fundi. Tumejitandikia."

Ngazi alitikisa kichwa kukubali.

Filimbi


6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nafurahi kwa ajili ya timu. Nimefurahi kweli, nilimrusha mtoto juu mpaka mama yake akanipokonya.

Halafu nikafika pale mwisho. Umenifuta, Shangazi. Ukuta ni mpango wangu, kapeti ni langu, hata maji ya kwenye ndoo ni mimi niliyeyafundisha njia. Mwanamke mwenye miwani kauliza fundi nani, na mimi nikawa hakuna. Ilinikera. Nimekaa nayo siku kadhaa, nimetafuta la kukujibu linaloumiza nikakuta yote ninayoyajua umenifundisha wewe.

Kuhusu gesti. Siku ya pili ya kupima nilikuja mpaka kwako. Ulikuwa uani unaanika nguo, umenipa mgongo, unaimba. Nilitaka nibishe nikaona nikiingia utaniuliza nimefuata nini, na utanipa chakula kabla sijajibu. Nikarudi. Siku zilizobaki nilizungukia nyuma ya duka la vifaa, ili nisipite mlangoni.

Kiwanja kile kinafunguliwa, mabosi wananitaka huko na shati jeupe. Nimewaambia naumwa. Nataka nije kwako kabla hamjaanza kucheza. Nitakaa popote utakaponiambia, hata nje ya ukuta.

Mwanao,
Kiroboto


13 Mei

Mwanangu,

Njoo Jumamosi ya kwanza ya Juni, asubuhi. Mlete mkeo na huyo mng'ata meza. Usipite gesti, na usizungukie nyuma ya duka. Pita njia kubwa watu wakuone.

Wanawake nimewaambia unakuja. Watakuwa wamekaa wote kwenye kapeti wanakungoja. Utavua viatu, utasimama katikati, na utawaambia kwa mdomo wako ulipima kiwanja cha nani. Utani usianze nao. Halafu utanyamaza wao waseme. Wana mengi, na Ngazi kaomba awe wa mwisho ili asikatizwe.

Mimi nitakaa upande wao. Usinitazame kuomba msaada, sitakupa hata neno.

Chakula chako kitakuwa ndani, kimefunikwa.

Shangazi yako